Mafuta Aliyoyamimina Jumbe

Habari ya kifo cha Jumbe ilimkuta Ndolo Maweu pale Mackinnon Road, amelala chali chini ya lori, gunia mgongoni, spana mkononi. Aliyeileta ni dereva mmoja aliyekuwa akitoka pwani, tena aliileta pasi na kujua kwamba anaileta. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu akisimulia mambo ya Diani ili muda upite: hoteli ipi imefungwa, barabara ipi imebomoka. Katikati ya hayo akasema yule mzee wa Galu aliyekuwa akitembeza watalii kwa mashua yenye kioo chini, yule Jumbe, amefariki. Aliamka na maumivu ya kifua, adhuhuri akawa hayupo, na alasiri wakamzika.

"Ulikuwa wamjua?" dereva akauliza.

 Dereva akangoja, kisha akainama kuchungulia, akidhani fundi ameumia.

Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka tisini na tisa. Ndolo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kati ya hiyo, ishirini na mmoja aliimaliza Ukunda na Mwabungo akitengeneza magari ya watu. Alifika pwani kijana, Mkamba asiyejua kuogelea, anayesema "hiyo gari" na "mimi iko sawa", na Jumbe ndiye mtu wa kwanza aliyemcheka usoni bila kumdharau. Jumbe mwenyewe alikuwa mgeni kwa namna yake, mtu wa Vanga kule mwisho wa kusini, aliyehamia Mwabungo kwa sababu ya mke. Mashine ya mashua yake ilipogoma, Ndolo aliitengeneza. Ilipogoma tena, wakawa marafiki.

Kisha wakawa na gari moja la shirika, mali ya wote wawili, walilolipata mwaka themanini na nane. Lilikuwa Pijo 403, kongwe, lenye mabega ya mviringo na rangi ya maziwa yaliyolala. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiishi Galu alirudi kwao akaliacha chini ya mivinje. Wakalivuta kwa kamba mpaka nyumbani kwa Jumbe, wakalijengea banda la makuti lililoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba, na Jumbe akatangaza mbele ya mke wake, Mwanarusi, kwamba safari ya kwanza ya gari hili itakuwa kumpeleka yeye Msambweni kwa dada yake, akae mbele kama bibi harusi.

Mwanarusi akasema, "Basi nitafika nikiwa maiti."

Hakukosea sana. Miaka minne ya kwanza walilishughulikia kila Ijumaa. Walishona viti, wakapata taa za mbele, wakafungua injini wakaifunga. Kisha kazi zikazidi, kifaa kimoja kikakosekana, halafu kingine, na gari likalala. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Kila mwaka walisema mwaka huu, na kila mwaka ulipita.

Halafu ikaja Agosti ya tisini na saba. Watu wa pwani na watu wa bara wanaijua Agosti ile, wala sina haja ya kuirudia yote. Vurugu zilianza Likoni, zikashuka mpaka Diani, karatasi zikasambazwa zikiwataka watu wa bara waondoke. Siku ya tatu, asubuhi, Ndolo alikuwa peke yake katika nyumba aliyopanga huko Mwabungo, mke wake Kavata ameshamtanguliza kwao. Akaona kwenye njia watu sita au saba wanakuja. Aliyekuwa mbele yao ni Jumbe.

Ndolo akatokea mlango wa nyuma, akaingia katika shamba la mihogo, akalala kifudifudi.

"Ndolo!" Jumbe akaita. "Ndolo ee! Upo?"

Aliita mara tatu. Ndolo akabana kimya, uso mchangani. Watu wale wakazunguka nyumba, wakasema maneno asiyoyasikia vizuri, kisha wakaenda zao. Naye akaenda zake. Alilala kanisani siku mbili pamoja na watu wengine, akapata lori, akavuka feri, akafika Mackinnon Road na viatu alivyovaa. Hakuaga mtu. Kwa mwaka mmoja na nusu hakutuma salamu, kwa sababu kila alipotaka kutuma alijiuliza: Jumbe alikuja na wale watu kufanya nini? Na akishajiuliza hivyo aliona haya, na haya ikamzuia kuandika, na siku zikaenda. Sasa Jumbe amekufa, na swali lile hana wa kumwuliza.

Alishuka Mwabungo siku ya kumi na moja baada ya mazishi. Muhsina, binti mkubwa wa Jumbe, ndiye aliyempokea barazani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mshonaji, mwenye ulimi mwepesi tangu utotoni.

"Shikamoo, ami Ndolo."

"Marahaba, mwanangu. Makiwa. Mimi… mimi nimechelewa."

"Umechelewa, ami, lakini umekuja. Kaa. Mama yumo ndani, yuko edani. Hawezi kutoka wala kuonana nawe."

Ndolo alilijua jambo la eda. Amekaa na Waislamu miaka ishirini. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai vya kupendeza, hajipambi, hatoki, wala haketi kuzungumza na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Alilijua, lakini hakuwahi kuwa upande wa nje wa mlango kama ule. Aliyatamka maneno ya rambirambi kwa pazia la mlango, pazia halikujibu, na Muhsina akasema, "Amesikia."

 Mwisho Ndolo akauliza kama banda lingali limesimama.

"Lipo. Nenda ukaangalie gari lako."

Alilikuta limefunikwa turubai la mashua. Alipolivuta, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Ilikuwa harufu ya samaki aliyeoza na kukauka. Bodi nzima ilipakwa kitu cheusi kinachong'aa. Akafungua boneti, akafungua plagi ya kwanza, akaingiza kidole katika tundu lake. Kikatoka kimeshika utando wa hudhurungi, mzito kama gundi ya seremala. Akajaribu kuizungusha injini kwa ile hendeli ya mbele. Ilikuwa kama kuzungusha mwamba.

"Aiya!" Ndolo akapiga kelele. "Mjinga gani huyu? Mjinga gani amemwaga uchafu ndani ya injini ya watu?"

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sauti ndogo ambayo hakuwa ameizingatia, sauti ya mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Ikakatika.

Haukupita muda, Muhsina akaja mlangoni pa banda. Hakuwa akitabasamu.

"Mama auliza, umemwita nani mjinga?"

"Huyo aliyetia hii kitu."

"Aliyetia ni baba."

Ndolo akabaki na kidole chake hewani.

Ilikuwa hivi. Zamani, walipokuwa wakifungua na kufunga, Ndolo alimwambia Jumbe kwamba injini ikitaka kulala muda mrefu, utie mafuta kidogo katika matundu ya plagi isije ikashika kutu. Jumbe akalishika neno hilo. Ndolo alipotoweka, akasema gari la rafiki yake halitakufa mikononi mwake. Naye mafuta ya kuhifadhi aliyoyajua, na baba yake na babu yake waliyoyajua, yalikuwa sifa, yale mafuta yanayopikwa kwa maini ya papa, wanayopaka vyombo vinapopandishwa pwani ili jua na chumvi visile mbao. Akapaka bodi. Akapaka chini, kila pembe. Kisha akafungua plagi akamimina, kila Ijumaa akitoka msikitini, kikombe kidogo kwa kila tundu, kabla hajala chakula chake. Ubao hunywa sifa ukashiba. Chuma hakinywi. Ndani ya chuma sifa hukaa, ikaganda, ikawa gundi.

Sauti ya Mwanarusi ikasikika ukutani, ya chini, neno moja moja. Muhsina akasikiliza kisha akageuka.

"Mama asema, baba alikuwa akisema Ndolo akirudi atalikuta gari lake hai. Ijumaa ya mwisho alikuwa ameshaanza kuumwa na kifua, akaja vilevile. Mama auliza, yale mafuta yamefaa au hayakufaa?"

Ndolo alifuta kidole kwenye suruali. Alikuwa fundi mkweli. Kuna wateja waliomchukia kwa ukweli wake. Lakini neno "mjinga" lilikuwa bado limening'inia katika lile banda, na mwenye kuitwa hivyo ana siku kumi na moja ardhini.

"Mwambie shemeji, yamefaa," akasema. "Mimi ndiye nimekosea. Nilidhani ni kitu ingine. Mwambie eda ikiisha, nitampeleka Msambweni na hii gari. Na hii injini. Hii hii."

Mchele ukaanza tena kuchaguliwa.

Basi akahamia Ukunda, kwa fundi mwenzake wa zamani, Boga, mtu mnene mwenye gereji nyuma ya stendi. Asubuhi alifanya kazi za Boga, na baada ya chakula alipanda baiskeli mpaka Mwabungo. Boga alikuja mara moja kuliona gari, akaangalia ndani ya injini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ndolo, hapa hapatakiwi spana. Hapa patakiwa sufuria, vitunguu na ndimu."

"Cheka tu."

"Nacheka, na nakwambia kweli. Tupa. Mimi nina injini ya Toyota imelala pale, nzima. Kwa wiki moja tumeikata, tumeichomelea, mama anakwenda Msambweni na kurudi."

"Nikitia Toyota nitakuwa nimemwambia nini shemeji?"

"Utakuwa umemwambia gari lakwenda."

"Yeye hakuuliza gari. Aliuliza mafuta."

Boga akaacha kucheka, akamtazama kama anayetazama mtu mwenye homa.

Na haki ya Mungu, nusu ya maneno ya Ndolo ilikuwa kweli. Alipoanza kuikwangua ile sifa kwenye bodi, chuma cha chini kilitoka kizima. Magari ya pwani huoza sakafu ukaona barabara chini ya miguu yako, lakini sakafu ya Pijo ilikuwa ngumu, milango ilifunga kwa mlio mzito, hata vishikio vya boneti havikuwa na kutu. Jumbe aliuokoa mwili wote wa gari, akaua moyo wake. Ndolo alimpelekea mjane ile nusu njema, akanyamazia nusu ya pili.

Akafungua kichwa cha injini, akajaza mafuta ya taa juu ya pistoni zote nne, akaacha yalale. Kila siku akapiga taratibu kwa kigogo cha mti na nyundo, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kila siku Mwanarusi aliketi upande wake wa ukuta. Na kwa kuwa sauti yake ilipita ukutani kama kawaida, yakawa mambo ya kuchekesha.

"Muhsina, mwambie anywe chai kwanza," husikika ndani.

Muhsina huja na kikombe. "Mama asema unywe chai kwanza."

"Nimesikia."

"Hukusikia. Mimi ndiye ninayekwambia."

"Haya, umeniambia. Mwambie ahsante."

"Amesikia."

"Hakusikia! Mwambie!"

Na nyuma ya ukuta kitu kama kicheko husongwa haraka na upande wa leso.

Aprili mvua zilishika. Banda likavuja, Ndolo akatandika lile turubai juu ya injini akakaa chini yake, maji yakimtiririka mgongoni. Siku moja mvua ilikuwa kubwa hata kazi haikufanyika, na Muhsina alikuwa amesimama mlangoni pa banda na sinia kichwani, hawezi kurudi. Ndolo akazungumza. Hakupanga kuzungumza. Alisema ile asubuhi ya Agosti yote, njia, wale watu, mihogo, na jina lake likiitwa mara tatu.

"Nilimsikia," akasema. "Nilimsikia vizuri. Nikamdhania mabaya. Sasa mwambie mama, ajue ni mtu gani anakunywa chai yake."

Muhsina hakusogea. Mvua ilipiga makuti. Halafu sauti ikatoka ukutani, taratibu, bila kupanda, na Muhsina aliyekuwa na majibu ya kila kitu safari hii aliyarudia maneno macho yake chini.

"Mama asema, baba alijua. Wale watu walimkamata njiani, wakamwambia awaonyeshe nyumba ya Mkamba. Akawapeleka kwa kupiga kelele, ili usikie utoke. Alipozunguka nyuma ya nyumba aliliona shati lako katika mihogo. Akawaambia hakuna mtu, amekwenda tangu jana, nendeni. Akasimama baina yako na wao mpaka wakaondoka."

Ndolo akauliza, "Mbona hakunitafuta baadaye?"



"Mama asema, alidhani wewe ndiye hutaki kutafutwa."

Mvua ikakatika, Muhsina akaenda zake, na Ndolo akabaki amekaa juu ya gurudumu la akiba. Tangu siku ile alibadilika. Boga alimwona akija gereji macho mekundu, akisahau kula, akiongea na pistoni za watu. Kavata alimtumia ujumbe kutoka nyumbani: Baba Mwelu, mazao yataka kuvunwa, waja lini? Akajibu, baada ya eda. Kavata akasema hajapata kusikia Mkamba anayekaa eda.

Pistoni ya kwanza ililegea mwisho wa Mei, ya pili na ya tatu wiki moja baadaye. Ya nne ilikaa kama imezaliwa pale, mpaka Jumanne moja ya Juni, pigo dogo tu, ikashuka kwa mlio wa mtu anayeshusha pumzi. Ndolo akapiga yowe, Muhsina akatoka mbio akidhani kajikata.

Hapo Boga alikuja tena, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Sasa sikiliza, ndugu yangu. Pistoni zimelegea, sawa. Lakini ile gundi imeshuka na chini. Imo katika vijia vyote vinavyopeleka oili. Fungua injini yote. Vua kila kitu, tuoshe kila tundu kwa waya na mafuta ya taa. Ukiwasha hivi, itavunjika."

Ndolo alijua hivyo kabla hajaambiwa. Kama gari lingekuwa la mtu mwingine, angemfukuza mwanagenzi yeyote ambaye angethubutu kuliwasha bila kuosha. Lakini sikiliza alilofikiri. Alifikiri kwamba akiifungua yote, akaiosha yote, akatoa kila chembe ya sifa, basi itakayonguruma ni kazi ya Ndolo. Itakuwa ameyatupa mafuta ya Jumbe kama uchafu, sawasawa na alivyoyaita siku ya kwanza. Akaona afadhali aikwangue juu juu, atie oili mpya, awashe. Ikiwaka na sifa imo ndani, basi neno alilomwambia mjane litakuwa limekuwa kweli. Boga alisema na kusema, kisha akachukua kofia yake akaondoka.

Zilibaki siku tisa eda kwisha. Ilikuwa asubuhi, siku kavu. Ndolo aliunga betri aliyoazima, akatia petroli kwenye kabureta kwa kijiko, akapiga stata. Mara mbili ilikohoa. Mara ya tatu ikawaka.

Iliwaka, ndugu zangu! Iliwaka kwa sauti nzito, nyororo, moshi mweupe wenye harufu ya papa wa kuchoma ukajaa banda na kupanda juu ya mnazi. Muhsina akapiga vigelegele. Majirani wakasimama uani. Na nyuma ya ukuta, Mwanarusi, bila kusubiri mtu wa kumpokezea maneno, akaita kwa sauti yake yote, "Jumbe! Jumbe, umeisikia?"

Ikanguruma dakika nne. Ndolo alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, analia waziwazi. Kisha akasikia, ndani kabisa, kugonga. Mara moja. Mara mbili. Kabla hajaufikia ufunguo, kikatokea kishindo kama cha jiwe ndani ya debe, na oili nyeusi ikamwagika chini ya gari, moto, juu ya mchanga. Fimbo ya pistoni ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini. Tundu lilitosha kuingiza ngumi. Injini ile haikuwa na dawa tena duniani.

Moshi ukapungua. Muhsina alikuwa ameingia ndani kumkumbatia mama yake, akarudi mbio.

"Mama auliza, mbona umeizima?"

Ndolo alisimama mbele ya lile dimbwi akalificha kwa miguu yake.

"Mwambie naihifadhi," akasema. "Kwa siku yenyewe."

Siku tisa zile alikuja kila siku. Kila siku alitoka Ukunda amekusudia kusema, na kila siku alipofika alimsikia Mwanarusi nyuma ya ukuta akimwagiza Muhsina vya kufunga: mchele wa dada, leso mbili, halua, nazi zile za mti wa jikoni, kwa kuwa dada yake Mwanaima anazipenda. Alisikia akiimba kidogo, jambo ambalo hakulisikia tangu Machi. Basi alichukua tambara akapangusa gari. Alilipangusa likang'aa hata ungejitazama. Boga alimwambia, "Sema, mwanamume. Au niseme mimi?" Akajibu kesho.

Siku ya kutoka eda ilifika, mwanzoni mwa Julai. Wanawake walikuja mapema wakamwosha mjane, wakamvua zile nguo nyeupe za eda, wakamvika mpya. Jua lilipokuwa limepanda kiasi, Mwanarusi akatoka mlango wa nyuma, mkono juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Ndolo alikuwa hajamwona kwa miaka miwili. Alimwacha mwanamke mpana mwenye sauti, akamwona sasa bibi mdogo, mabega yameingia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekonda, Ndolo."

"Na wewe pia, shemeji."

Hakuna aliyerudia maneno baina yao. Muhsina alisimama na furushi kichwani, kama asiyejua afanye nini na mdomo wake. Mwanarusi akalizunguka gari, akaligusa taa, akaligusa bega, akafungua mlango wa mbele akaketi. Akapanga leso magotini. Akatazama mbele.

"Haya. Washa twende."

Ndolo akasimama kando ya dirisha. 

"Shemeji, haiwaki. Imekufa. Ilikufa siku ile ile."

"Najua," Mwanarusi akasema, bado akitazama mbele. "Nimekaa na mashine za mashua miaka thelathini. Iliyozimwa na iliyokufa sizijui? Siku tisa nimekungoja pale ukutani useme. Nikaagiza mchele, nikaagiza nazi, nikasema labda leo. Hukusema."

"Sikuweza."

"Nimekaa miezi minne ndani, kila anayekuja aniambia maneno matamu. Amelala pema, hakuumia, hakuteseka. Aliteseka, Ndolo. Mimi ndiye niliyemshika. Nikasema, yule fundi hataniambia uwongo, wao huko kwao hawajui kupaka maneno." Hapo akageuka, akamtazama. "Ni mafuta yake yaliyoiua?"

"Yaliganda," Ndolo akasema. "Lakini yangeoshwa, ingepona. Nilijua nikaacha kuosha. Niliyeiua ni mimi."

"Kwa nini ukaacha?"

"Nilitaka yawe yamefaa."

Mwanarusi akamtazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuonyesha hasira wala huruma. Kisha akasema, "Nifungie mlango."

Ndolo akaufunga. Ukajifunga kwa ule mlio wake mzito. Mwanarusi akazungusha kioo mpaka juu, akainamisha kichwa kwenye leso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Siku ya mazishi walimwambia asilie kwa sauti, akatii. Sasa alilia, lakini vioo vya Pijo vilikuwa vizuri, na mlango ulikuwa mzima, na kule nje hakikutoka kitu.

Muhsina alisogea pembeni mwa Ndolo. "Anasema nini?" akanong'ona, yeye aliyekuwa akiyapokeza maneno yote.

"Hasemi."

Walisimama pale mpaka kivuli cha banda kikafupika. Majirani waliokuja kuona safari waliondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Mwisho Mwanarusi akajipangusa, akafungua mlango mwenyewe, akashuka.

"Twende barabarani tukangoje gari," akamwambia Muhsina. "Mwanaima atakuwa akingoja." Kisha bila kugeuza kichwa, "Ndolo, wewe usije leo."

Wakatoka uani, mama mbele, binti nyuma na furushi kichwani na kikapu cha nazi mkononi. Walipofika kwenye mchanga mwingi kikapu kikamshinda Muhsina, akakiweka chini apumzike. Ndolo aliwafikia, akakichukua, akamtua na lile furushi pia. Akavibeba mpaka lami, akitembea hatua kumi nyuma yao, na hakuna aliyemkataza.